Fedha Nyeusi kwa Gauni la Åsne

Aslaug Nordgarden alianza kukasirika Jumanne asubuhi, na Jumamosi saa tano alikuwa bado hajamaliza. Kwa wanaomjua hiyo si habari. Ni sonara wa fedha, umri wake miaka sitini na minne, na katika bonde lile la Telemark hajawahi kuonekana akiiona kazi mbovu akanyamaza. Ukimpelekea mkufu uliounganishwa kwa gundi atakuuliza, mbele ya wateja wengine, kama na meno yako huwa unayabandika hivyohivyo. Watu hununa, hutoka wakiapa kwamba hawarudi, na wiki ya pili utawaona mlangoni wakipangusa viatu, kwa sababu mkono kama wake haupo mwingine.

Karakana ile aliirithi kwa baba yake, ingawa baba hakupanga hivyo. Mzee alijaliwa mabinti watatu, Gunnvor, Aslaug na Margit, akakaa miaka na miaka akingoja mtoto wa kiume wa kumwachia nyundo. Mtoto wa kiume hakuja. Aslaug, wa katikati, akajifunza ufundi kwa kuchungulia tu, amesimama nyuma ya kiti cha baba na kufukuzwa mara tatu kwa siku. Baba alipopata ugonjwa wa viungo, vidole vikakataa kukunjika, kulikuwa na bibi harusi anayesubiri vifungo vya shati lake. Aslaug alikuwa na miaka kumi na saba. Akaviunda. Baba akavitazama kwa kioo cha kukuzia, akavigeuza huku na huku, akasema, "Vinafaa." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa, na mpaka leo Aslaug akilikumbuka neno lile anafura. Vinafaa! Vilikuwa vizuri kuliko vya baba mwenyewe, na baba alijua.

Tangu siku hiyo amewapamba mabibi harusi wa bonde lote, mama na binti na mjukuu. Mwenyewe hakuolewa. Alichumbiwa mara moja na mwalimu wa kwaya, bwana mpole mwenye ndevu nzuri, ambaye siku moja alimtaka achague kati yake na moshi wa karakana. Alichagua kabla kahawa haijapoa. Hilo halimuumi. Kinachomuuma ni kumwona bibi harusi amevalishwa ovyoovyo, na kwa jambo hilo hana simile na mtu, awe mchungaji, awe mama mkwe.

Jumanne hiyo aliingia Åsne, amelibeba gauni kwenye mfuko wake mrefu kwa mikono miwili. Åsne ni mtoto wa Margit, yule mdogo wao wa mwisho. Margit alifariki Åsne akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Baba mtu akamchukua mtoto wake akaenda kumlelea Trondheim, mbali, na kila kiangazi akawa anamrudisha bondeni kwa mama zake wakubwa akae wiki mbili. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Jumamosi saa saba mchana angefunga ndoa na Eivind wake katika kanisa lilelile la mbao alikobatiziwa.

"Mama Mkubwa, niokoe," alisema kabla hata ya salamu. "Kila mtu ana lake. Mama yake Eivind anataka lulu. Rafiki zangu wanataka mkufu mwembamba wa dhahabu. Mwenye duka la magauni anataka nivae taji la mawe ya kumetameta."

"Mawe! Unaolewa au unafungua sarakasi? Toa gauni nilione."

Aslaug alinawa mikono, akalitandaza mezani. Lilikuwa la sufu laini, rangi ya malai, shingo imefunga hadi juu, mikono mirefu, halina lesi wala shanga hata moja. Alilizunguka mara mbili akitafuta kosa. Hakulipata, na hilo nalo lilimkera kidogo.

"Gauni lina akili," akasema. "Sasa tazama na wewe. Lulu tuziweke wapi? Shingo imefungwa, zitalala juu ya nguo hazina kazi. Ondoa. Dhahabu?" Akaulaza mnyororo wa dhahabu juu ya sufu. "Unaona? Nguo yote imegeuka njano, kama meno ya mvuta kiko. Ondoa. Hii hapa fedha nyeupe ya watu wa pwani ya magharibi. Nzuri sana, sina ugomvi nayo, lakini kwenye rangi hii inapotea kama chumvi kwenye maziwa. Gauni hili linataka kitu kimoja tu, hapa kooni. Kizito, cheusi, cha zamani. Masikioni usitie kitu. Mkononi pete yako inatosha."

Åsne alikuwa anatabasamu kabla hajamaliza. Akachomoa picha kwenye pochi. "Kama hili?"

Ilikuwa picha ya tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, siku ambayo bonde lote hutoka limevaa bunad, lile vazi la kwao ambalo msichana hushonewa anapopata kipaimara. Margit alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa, amempakata mtoto mnene wa miezi kumi. Kooni alikuwa amefunga bizimu la fedha iliyotiwa weusi, pana kama kiganja cha mtoto, na pembeni vijiko vidogo vya fedha vinaning'inia, kila kimoja ukubwa wa ukucha. Mtoto alikuwa amekinyakua kimoja, amekitia mdomoni, macho amemtolea mpiga picha.

Bizimu hilo Aslaug alilitengeneza mwenyewe, kwa kipaimara cha mdogo wake, akiwa na miaka ishirini na miwili. Akavaa miwani, akaitazama picha kama fundi.

"Limefungwa upande," akasema. "Nani alimfunga? Gunnvor, hapana shaka. Na hapo juu kiungo kimoja kimelegea. Mbona hakuniletea?"

"Mama Mkubwa, mimi siangalii kiungo." Åsne aliichukua picha yake taratibu. "Hii ndiyo pekee tuliyopigwa tukiwa wawili tu. Mama simkumbuki. Sauti yake siijui, cheko lake silijui, nasimuliwa tu. Lakini hili nililishika. Jumamosi nataka liwe hapa," akagusa koo, "niingie naye kanisani."

Aslaug alijifanya kupiga chafya, akapangusa pua na macho kwa leso ileile. "Basi, limekwisha hilo. Hakuna pambo lingine. Liko kwa nani?" Alijua liko kwa nani, ila alitaka kulisikia apate kukasirika.

"Kwa Mama Mkubwa Gunnvor."

Hapo ndipo hasira ya wiki ilipoanza. Gunnvor ndiye mkubwa wao, miaka sabini, mwalimu mstaafu wa ushonaji na mwenyekiti wa chama cha kina mama cha kazi za mikono. Nyuma ya mgongo wake watu humwita polisi wa bunad, na nchi ile ina polisi wa namna hiyo kila kata, hawana mshahara wala likizo. Kila tarehe kumi na saba Mei Gunnvor husimama kwenye lango la kanisa akikagua. Viatu hivi si vya vazi hilo. Hereni za plastiki, vua. Mwaka mmoja alimvua mke wa mwenyekiti wa halmashauri miwani ya jua, jua linawaka, mama wa watu akapita akilia machozi hadi mwisho wa maandamano. Nani kampa madaraka hayo? Hakuna. Kajipa.

Ndiye aliyelitunza bizimu la Margit. Marehemu aliomba azikwe na bunad yake, wakamzika nayo, lakini fedha haizikwi, basi Gunnvor akalivua bizimu akaliweka kwenye kijaluba mpaka mtoto atakaposhonewa vazi lake. Mtoto akakulia mjini, vazi halikushonwa, na bizimu likangoja miaka ishirini na saba.

Walimkuta jikoni anaoka kaki nyembamba za kuliwa na jibini la kahawia. Alizipanga kwenye sahani, akamimina kahawa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akapangusa mikono kwenye aproni.

"Haiwezekani," akasema.

"Nini hakiwezekani?" Aslaug alikuwa bado hajakaa.

"Fedha ya bunad huvaliwa na bunad. Gauni la dukani na livaliwe na lulu. Sikatai ndoa, sikatai gauni, gauni zuri. Lakini vitu havichanganywi, mdogo wangu. Tukianza kuchanganya, kesho watafunga bizimu kwenye suruali ya jinzi."

"Na wakifunga? Mbingu itadondoka?"

"Wewe unauza, huwezi kuelewa."

"Mimi ninatengeneza! Hilo unalolilinda nimelitengeneza mimi! Mwanamke ambaye hajawahi kulipiga nyundo hata moja, leo ananifundisha livaliweje!"

"Wakubwa wangu, jamani," Åsne aliwahi katikati. "Mama Mkubwa Gunnvor, kila kiangazi ulinifungulia kijaluba nikalishika. Hukunikataza hata siku moja."

"Kushika ni kushika," Gunnvor alisema, na sauti yake ililegea kidogo. "Kuvaa ni kitu kingine."

"Bibi harusi bila fedha, watu wa mlimani watamchukua," Aslaug alisema kwa kejeli. "Si ndivyo ulivyotufundisha tulipokuwa wadogo? Majini hao wa mlimani wanaogopa fedha, Gunnvor. Hawaulizi imefungwa kwenye nguo gani."

Gunnvor akaitazama sahani ya kaki, hakuna aliyeigusa. "Nipeni siku mbili nifikirie," akasema.

Siku mbili hizo Aslaug aliishi kwa kahawa na manung'uniko. Alimwambia mnunuzi wa vifungo, alimwambia mleta barua, alimwambia na paka. Hasa kilichomchoma ni ile kauli ya kufikiria. Mtu afikirie nini? Mtoto anamtaka mama yake, kwa nusu saa tu, mbele ya altare, na mama mwenyewe yuko kwenye kijaluba cha Gunnvor, amekaliwa na kanuni!

Alhamisi saa nne Gunnvor akaja. Alikuwa amevaa vizuri, nywele amezibana, na usoni ana ile furaha ya mtu aliyekata shauri gumu. Akaweka kijaluba mezani.

"Nimekubali," akasema. "Tena nimepata njia ya kutomkosea mtu."

Aslaug alifungua. Ndani kulikuwa na bizimu jeupe pee, linang'aa kila pembe, popote ulipolitazama lilikurudishia mwanga machoni. Kwa sekunde kadhaa hakulitambua. Kisha akazitambua nyundo zake mwenyewe, zile alama ndogo pembezoni.

"Umelifanya nini?"

"Nimelichovya kwenye ile dawa ya kusafishia. Dakika tano tu, nilipima kwa saa."

Ni lazima nieleze hapa, maana mtu mwingine ataona bizimu limesafishwa na kazi imekwisha. Weusi wa fedha ya bonde lile si uchafu. Fundi huutia makusudi, kisha husugua sehemu zilizoinuka pekee, weusi ukabaki mabondeni mwa maua na kuyafanya yaonekane. Ukiutoa, umetoa nusu ya kazi. Kila mwanamke wa pale anajua, na Gunnvor alijua kuliko wote. Hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa kujua kupita kiasi.

"Nisikilize vizuri," alisema, kwa sauti ileile ya darasani. "Fedha nyeusi ni ya bunad ya hapa. Ikishakuwa nyeupe si ya hapa tena, ni pambo tu, na pambo tu mtu anaweza kulivaa na gauni lolote. Tena jeupe kwa jeupe. Mtoto kapata bizimu lake, na desturi haijavunjwa."

"Desturi haijavunjwa!" Aslaug alishika meza. "Weusi ule nilikaa nao siku tatu, Gunnvor! Siku tatu! Nilimtengenezea mtoto wa miaka kumi na mitano aliyekuwa anakuja hapa kila saa kuuliza limefika wapi! Umemvua Margit ngozi yake ili wewe pale langoni usije ukaulizwa!"

"Nimefanya kwa ajili ya mtoto. Usiku wa kuamkia leo sikulala."

"Ungelala! Ungelala tu, kijaluba kikabaki kimefungwa!"

"Siku zote wewe ni mjuaji," Gunnvor alisema. "Baba alisema."

"Toka."

Gunnvor akatoka. Aliufunga mlango polepole, na ule upole nao ulimuudhi Aslaug zaidi ya kama angeubamiza.

Ijumaa hakufungua duka. Alifungua madirisha yote, akapasha maji ya salfa, karakana ikanuka yai viza hadi kwa jirani, jirani akachungulia, akaona uso wa Aslaug, akarudisha kichwa ndani. Akalitumbukiza bizimu. Weusi ukapanda taratibu, kwanza rangi ya majani makavu, halafu ya samawati, halafu ule weusi wenyewe. Akalitoa, akalisuuza, akaanza kusugua ua moja moja kwa brashi na chaki, na kila ua alilomaliza alikuwa na neno la kumwambia Gunnvor. Hajui kushika nyundo. Miaka sabini anahesabu viatu vya watu. Kimbelembele. Jeupe kwa jeupe, hata kipofu angejua lisingeonekana!

Kwa kuwa alikuwa na hasira, alifanya kazi vizuri. Ndivyo alivyo. Alikikaza kile kiungo kilicholegea, aliinyoosha pini ya nyuma, alivikagua vijiko kimoja kimoja kwa kioo. Alipofika cha nne kutoka kushoto alisimama. Kilikuwa kimebonyea. Vishimo viwili mbele, kimoja nyuma, na ukingo umejikunja kidogo.

"Koleo!" alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Amelitoa kwenye dawa kwa koleo la jikoni, la kugeuzia soseji! Ee Mungu, na mimi nilimwita dada!"

Akakikongoa kile kijiko, akakilaza kwenye kigogo chenye kishimo, akakigonga kwa kinyundo cha mti, tumboni na mgongoni, pole sana, maana fedha ya pale ni nyembamba. Alikipiga msasa, akakitia weusi, akakirudisha mahali pake. Alitumia saa nzima. Alipokiangalia tena kwa kioo hakuweza kukitofautisha na wenzake, na yeye si mtu wa kujidanganya kuhusu jambo kama hilo.

Jumamosi saa tano Åsne alikuwa anavalia kwenye chumba cha juu cha karakana, kwa kuwa kina kioo kirefu. Gauni lilimkaa vizuri mno. Gunnvor alikuja bila kuitwa, amevaa bunad yake kamili, viatu vyake ndivyo, akasimama karibu na mlango, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Aslaug alimwona, hakumsalimia. Alikuwa amejipangia maneno ya kumwambia baada ya ndoa, mengi.

"Njoo uone," alimwambia Åsne, akafungua kijaluba.

Åsne akaziba mdomo kwa mkono. "Limekuwa jeusi! Mama Mkubwa, ni lilelile! Mama Mkubwa Gunnvor alinipigia simu, alikuwa analia, akaniambia limeharibika."

Gunnvor alilia? Aslaug alijaribu kuipata picha hiyo akashindwa.

Åsne alilichukua bizimu akalileta karibu na koo mbele ya kioo. Lile jeusi juu ya sufu ya rangi ya malai lilikuwa pambo ambalo gauni lile lilikuwa linalisubiri. Kisha akalishusha. Akaanza kupitisha ncha ya kidole chini ya vijiko, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni. Akarudia. Akaligeuza. Akarudia tena.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kipi, mwanangu?"

"Changu. Chenye meno yangu."

Aslaug hakuelewa, halafu akaelewa. Aliiona tena akilini ile picha, mtoto mnene, kijiko mdomoni, na yeye mtu mzima amevaa miwani anatafuta kiungo kilicholegea.

"Cha nne kutoka kushoto," Gunnvor alisema kule mlangoni, taratibu. "Vishimo viwili mbele, kimoja nyuma. Alikuwa na meno matatu tu siku ile. Kila kiangazi alikuwa anaweka kidole hapo." Akamgeukia mdogo wake. "Mimi nililichovya tu, Aslaug. Sikulisugua. Kile kijiko sikukigusa. Miaka ishirini na saba sijakigusa."

Åsne akamtazama huyu, akamtazama yule, na uso wake ukabadilika. Hakulia. Alikasirika, na kwa mara ya kwanza Aslaug aliona mtoto huyu ni wa ukoo wao kabisa.

"Ninyi wawili!" alisema. "Mmoja anaosha, mwingine ananyoosha! Mmoja analinda desturi, mwingine analinda ufundi, na mama yangu je, analindwa na nani? Kulikuwa na kitu kimoja duniani kinachosema nilimkalia mapajani. Kimoja! Si picha, picha ni karatasi. Meno yangu kwenye kitu chake! Nani aliwaambia nataka kizuri? Nilisema nataka chake!"

Hasira ya Aslaug ilikuwa bado ipo, yote, ya tangu Jumanne. Ilizunguka chumba kile ikimtafuta wa kumwangukia. Haikumpata mwingine.

"Hii ni kazi mbovu," akasema. Alilazimika kukaa kwenye kiti ili amalize. "Kazi mbovu, na ni yangu. Nilidhani ni koleo la Gunnvor. Sikuuliza. Mtu mzima, miaka arobaini na saba kwenye kiti kile, sikuuliza." Akalipokea bizimu. "Naweza kukipiga vishimo vitatu sasa hivi, vikae palepale, asijue mtu. Lakini wewe utajua."

"Nitajua," Åsne alisema.

"Basi sina dawa."

Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia, ile ya kuwaita wa mbali. Åsne alitazama dirishani, akalitazama bizimu kwenye kiganja cha Aslaug. Akalinyakua. Akakishika kijiko cha nne kutoka kushoto, akakitia kati ya meno yake ya pembeni, akafumba macho.

"Åsne! Enameli ya meno yako!" Gunnvor alipiga kelele.

Ikasikika sauti ndogo, tiki. Bibi harusi akakitoa mdomoni akakunja uso.

"Kinanuka yai viza," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, yeye akicheka.

Aslaug alikipokea kijiko kwenye mwanga. Vilikuwa vishimo vikubwa, vya mtu mzima, na ukingo umepinda vibaya kuliko mwanzo. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda mfukoni, palipo na kinyundo. Akaurudisha.

"Dada," akasema. Hakuwa amelitamka neno hilo kwa wema tangu Jumanne. "Mfunge wewe. Mimi mikono inanitetemeka."

Gunnvor akauweka mkoba chini. Alikuja, akalichukua bizimu la bunad, akalifunga kwenye shingo ya gauni la dukani, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya mdogo wake. Ilimchukua muda. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

Lilikuwa limekaa upande, vilevile kama kwenye picha. Mtu yeyote mwenye macho angeliona kutoka benchi la mwisho la kanisa. Gunnvor akageuka, akamtazama fundi, akingoja aambiwe.

Aslaug aliliona. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, akakishika kiganja kimoja kwa kingine, kwa nguvu.

"Linafaa," akasema, na wakateremka ngazi.